Njia mbili, mto mmoja

Usiku ule taa zote zilikuwa kijani, na hilo ndilo lililotuchanganya. Katika chumba chetu hapa Iyunga, chumba kilichokuwa stoo ya mbolea na ambacho mpaka leo mvua zikianza kinanuka shamba, rauta ilikuwa inakonyeza, swichi inakonyeza, na redio ya juu ya mnara inayotuunganisha na wenzetu wa Mwanjelwa inawakawaka kama disko la Krismasi. Grafu ya matumizi ilikuwa imepanda hadi imegusa dari. Ungeitazama skrini ungedhani Mbeya nzima imekaa inaangalia mpira. Wakati huohuo simu yangu haikupumzika: mwenye gesti, kijana wa stesheneri, mama wa uwakala, wote swali lao lilikuwa moja, mbona neti hamna.

Mama wa uwakala ndiye aliyekuja juu kuliko wote, na haki alikuwa nayo. "Mwanangu, si ulikuja hapa na daftari lako ukaniambia mna laini mbili, moja ikikata nyingine inashika? Haya, niambie sasa imeshika nini?"

"Mama, naomba nusu saa."

"Nusu saa ulishaniomba saa mbili."

Jibu nililipata saa nane usiku, nikiwa nimejifunika blanketi maana ulikuwa Juni, na Juni ya Mbeya anaijua aliyeilala. Ninaliandika hapa kwa sababu nimekuja kuona kwamba kosa letu la usiku ule si la mafundi wawili wa mtaani tu. Linafanyika kwenye zabuni, kwenye bodi za hospitali, kwenye vyama vya kuweka na kukopa, popote ambapo mtu ametia saini mkataba wa laini ya pili akalala usingizi.

Sisi ni wasambazaji wadogo. Tunanunua intaneti kwa jumla kutoka kampuni moja kubwa na kuiuza rejareja kwa nyumba, maduka na gesti za huku kwetu. Wenzetu wa Mwanjelwa wanafanya kazi hiyohiyo, ila wao wananunua kwa kampuni nyingine. Hakuna kati yetu aliyekuwa na ubavu wa kulipia laini mbili. Basi tukakubaliana kijirani: tufunge redio mbili zitazamane, moja Iyunga, moja Mwanjelwa, yako ikikata nikubebe, yangu ikikata unibebe. Kwenye kila rauta tukaandika maelekezo mawili. La kwanza: kila kitu kipeleke kwa mtoa huduma wako. La pili, lenye cheo cha chini: la kwanza likifa, kipeleke kwa jirani. Tukachomoa waya wetu, Mwanjelwa wakatubeba. Wakachomoa wao, tukawabeba. Tukanywa soda, tukapeana mikono, nikachukua daftari nikaenda kumtangazia mama wa uwakala.

Jambo ambalo hatukulijaribu ni kuchomoa zote mbili kwa pamoja. Nani angefikiria? Kampuni hizi mbili kwenye mabango zinagombana kama paka na panya. Kumbe huko chini nyaya zao zilikuwa zimelala kitanda kimoja, na jioni ile katapila lililokuwa linachimba mtaro likazipitia kwa jino moja.

Rauta yetu ilipoona njia yake imekufa ikafanya ilivyofundishwa, ikampeleka kila mgeni Mwanjelwa. Rauta ya Mwanjelwa nayo njia yake ilikuwa imekufa, ikampeleka kila mgeni Iyunga. Kila pakiti inayosafiri kwenye intaneti hutoka nyumbani na akiba ya pumzi, namba ambayo kwa simu nyingi huanzia 64, na kila rauta inayoipokea huikata pumzi moja. Kwa hiyo ombi dogo la mama wa uwakala la kuangalia salio lilivuka anga la Mbeya kwenda Mwanjelwa, likarudishwa Iyunga, likapelekwa tena Mwanjelwa, mara hamsini na zaidi, mpaka pumzi ikaisha likafa bila kufika popote. Zidisha kwa kila mteja na kila programu inayojaribu tena kila sekunde. Hilo ndilo lililokuwa disko letu. Laini ilikuwa imejaa maiti.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sisi tulikuwa ndugu wawili tunaotegemeana, kila mmoja mfukoni hana kitu. Vifaa vilikuwa vizima. Kilichoharibika ni ahadi: kila rauta ilikuwa imeahidi kumfikisha mgeni ulimwenguni bila kwanza kujiuliza kama yenyewe inafika huko.

Ugonjwa huu ni wa zamani na dawa yake inajulikana. Januari 1989, katika mkutano wa wahandisi huko Austin, Texas, Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM walikaa kwenye chakula cha mchana wakachora itifaki mpya juu ya karatasi za kujifutia mikono. Mpaka leo wahandisi wanaitania kwa ajili ya karatasi hizo. Jina lake ni BGP, na ndiyo inayoongoza trafiki kati ya kampuni na kampuni, nchi na nchi. Werevu wake mkubwa ni wa kijijini kabisa: habari ya njia inapopita nyumba kwa nyumba, kila nyumba inaandika jina lake juu yake. Rauta ya Iyunga ikiletewa njia ikaona humo jina la Iyunga limo tayari, inaikataa, kwa kuwa njia iliyopita kwangu haiwezi kuwa msaada kwangu. Mchezo wetu wa kurushiana wageni usingekuwepo. Halafu kuna sharti la pili ambalo fundi analiandika mwenyewe, nalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote: usimtangazie jirani kwamba una njia ya kwenda ulimwenguni ila pale tu wewe mwenyewe unapoipata hai kutoka juu. Kisima kikikauka, toa kibao cha "maji yanauzwa".

Tuliifanya hiyo kazi wiki iliyofuata, kwa siku mbili, na vitumbua vingi. Nisimchoshe msomaji na amri zake. Ila sehemu moja ilitusumbua na inafaa kusemwa. Rauta inajuaje kwamba njia imekufa? Waya ukikatwa mlangoni kwako taa inazimika, hilo ni rahisi. Lakini mara nyingi waya wa mlangoni ni mzima, taa ni ya kijani, na uharibifu uko kilomita mia tatu mbele. Rauta inayobisha hodi kwa jirani wa kwanza tu itajibiwa "karibu", itaridhika, na itaendelea kutupa wageni shimoni. Lazima ibishe hodi mbali, kwa zaidi ya mlango mmoja. Hata BGP yenyewe ina subira ya bibi harusi: kwenye vifaa vingi, usipoigusa mipangilio ya kiwandani, inamngoja jirani aliyenyamaza kwa dakika tatu kabla ya kukubali kwamba amekufa. Kwa mtu anayetuma meseji dakika tatu si kitu. Kwa mteja aliyeshatoa pesa yake dirishani na anasubiri ujumbe wa uthibitisho, dakika tatu ni ugomvi.

Ajabu ni kwamba mtu anayeishi Iyunga hana kisingizio cha kutoyajua haya. Stesheni ya TAZARA iko hapahapa, na reli yenyewe ni njia ya pili. Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilijikuta shaba yake na mafuta yake yanapita kwenye ua wa mtu ambaye haelewani naye. Kilichofuata ni kilekile tunachofanya sisi kwa nyaya, ila wao walikifanya kwa chuma na lami. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968. Barabara ya TANZAM ikawekwa lami. Na kuanzia 1970 Wachina, Watanzania na Wazambia wakalaza reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa 1976. Nusu ya Iyunga tunayoijua, maghala, viwanda, magari ya mizigo yaliyopanga foleni, imekaa hapa kwa sababu wakubwa wa wakati ule walikataa kutegemea mlango mmoja.

Sehemu hiyo tunafundishwa shuleni. Iliyofuata haisimuliwi sana. Oktoba 1978 Rais Kaunda wa Zambia alilazimika kuifungua tena njia ya kusini, ya Rhodesia, maana bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imeelemewa na mbolea ya wakulima wake ilikuwa haifiki. Njia ya pili ilikuwepo, lakini haikuweza kubeba mzigo wote. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1979, makomandoo wa Rhodesia waliingia kaskazini mwa Zambia wakalipua madaraja ya mto Chambeshi, la reli na la barabara, yote mawili katika safari moja. Zambia ilikuwa na reli na ilikuwa na barabara. Mto ulikuwa mmoja.

Tangu nilipoelewa habari ya Chambeshi, kila nikiangalia ramani ya mawasiliano natafuta mto. Huku kwetu si kazi kuuona. Barabara kutoka Dar es Salaam inapita Morogoro na Mikumi, inapanda Kitonga, inafika Iringa. Reli inakwenda peke yake kwa bonde la Kilombero na Mlimba. Zimeachana kweli, milima iko katikati. Kisha zinakutana Makambako, na kutoka hapo hadi Mbeya zinakwenda kama majirani wanaopunga mikono dirishani. Anayekuuzia laini mbili, moja ya kufuata barabara na moja ya kufuata reli, muulize mapema: baada ya Makambako je?

Nchi yenyewe imejitahidi, tusiseme uongo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa 2009 na umekabidhiwa TTCL kuuendesha. Ulichorwa kwa mizunguko, na maana ya mzunguko ni kwamba ukikatwa upande huu trafiki inageuza mgongo na kuzungukia upande wa pili, kutoka Mbeya kwenda Tunduma, Sumbawanga, Mpanda mpaka Kigoma. Una milango ya kutokea Zambia pale Tunduma na Malawi pale Kasumulu. Lakini mzunguko wa nchi haumfaidii mnunuzi mdogo ambaye kipande chake cha mwisho, kutoka kituo cha mtoa huduma hadi mlangoni, ni waya mmoja juu ya nguzo moja. Na nguzo za huku zinahama: barabara kuu inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, na panapopanuliwa barabara kila kitu cha pembeni husogezwa. Hata milima inasogea. Aprili 2024 sehemu ya Mlima Kawetere ilimeguka ikafunika nyumba kule Itezi, ndani ya jiji hilihili.

Baharini hadithi ni ileile, maji yake tu ni ya chumvi. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam 2009, EASSy ukafuata 2010, na kwa miaka mingi tuliambiwa sasa tuko salama, tuna miwili. Jumapili ya Mei 12, 2024, yote miwili ilikatika siku moja, karibu na pwani ya Afrika Kusini. Kusini ndiko trafiki yetu nyingi ilikokuwa imeelekezwa. Kaskazini SEACOM ilikuwa majeruhi tayari, tangu Februari, ilipokatwa Bahari ya Shamu pamoja na mingine miwili. Tanzania ikatambaa. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga huduma zake kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao. Hapa Iyunga wiki ile watu walirudia kukopeshana kwa daftari.

Nani alaumiwe? Katika siku zile nilisikia watu wakidai mkongo wa tatu, wa nne. Sipingi, na tangu hapo mingine imekuja. Ila kuongeza idadi bila kuuliza mikongo inapita wapi ni kununua kufuli tatu ukazifunga kwenye bawaba moja iliyooza. Zabuni nyingi nilizopata kuzisoma zinadai "watoa huduma wawili tofauti". Mzabuni analeta nembo mbili, rangi mbili, ankara mbili, masharti yametimia. Sijawahi kuona zabuni inayodai ramani. Ningekuwa naandika mimi, ningefuta neno "watoa huduma" niandike "njia", na ningemtaka mzabuni achore mahali kila waya unapopita kuanzia ukutani kwangu: nguzo ipi, mtaro upi, daraja lipi, umeme unatoka transfoma ipi. Asiyeweza kuchora hajui anachouza.

Kampuni kubwa zitasema ramani hizo ni siri ya biashara. Fundi wao akija na ngazi mtaa mzima unamwona akipanda nguzo gani. Siri iko wapi?

Kuna na upande wa kurudi, ambao wengi huusahau. Kutuma ni hiari yako. Jibu linarudi kwa njia anayoichagua mwingine. Wateja wetu walikuwa wanatoka kwa anwani tulizoazimwa na kampuni yetu ya juu, kwa hiyo tukihamia Mwanjelwa wanavaa anwani nyingine katikati ya safari, na benki ikiona mtu amebadilika sura katikati ya muamala inamtoa nje. Ili uhame bila kubadilika sura unahitaji anwani zako mwenyewe na namba yako ya mtandao, na hizo kwa Afrika zinatolewa na AFRINIC, yenye makao Mauritius. Fungu dogo kuliko yote ambalo dunia hukubali kulitangaza ni la anwani 256. Ukishakuwa nalo unalitangaza kwa pande zote mbili, na kwa upande usioupenda unarudiarudia jina lako mara tatu nne ili njia ionekane ndefu. Ni ujanja wa kitoto na unafanya kazi.

Lakini ukishaingia kwenye kundi la wanaotangaza, unaweza kuumiza na wasiohusika. Tungesahau chujio moja tu, rauta yetu ingemtangazia Mwanjelwa njia zote za kampuni yetu, Mwanjelwa wangezipeleka kwa kampuni yao, na mizigo ya kampuni mbili kubwa ingejaribu kupita kwenye redio ya stoo ya mbolea. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na kwenye BGP hilo ni hatari hasa, maana dunia hupenda njia fupi na anwani iliyotajwa kwa umahususi zaidi. Februari 24, 2008, Pakistan Telecom ilitaka kuifungia YouTube ndani ya nchi yake, tangazo likavuja nje, na kwa takriban saa mbili YouTube ya dunia nzima ikawa inaelekezwa Pakistan.

Tahadhari nayo ina tahadhari yake. Oktoba 4, 2021, Facebook ilipotea karibu saa sita. Amri moja ya matengenezo ilitenganisha vituo vyao, na seva za majina zilipoona hazivifikii zikaacha kujitangaza, kama nilivyosifu hapo juu: kisima kimekauka, toa kibao. Zikatoa vibao vyote kwa mpigo, na mafundi wao wenyewe wakakosa pa kuingilia. Ndiyo maana kwenye chumba chetu kuna modemu ya laini ya simu ya mtandao wa tatu, imefungwa kwa mpira ukutani, haiuzwi, haigawiwi, ni ya fundi kuingilia tu.

Na kuna kukatika ambako fundi hana dawa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Waya zetu zilikuwa nzima zote.

Kwa yale yanayotibika, ushauri wangu kwa wasambazaji wadogo wa nyanda hizi, wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, ni kuungana wawili wawili kama tulivyofanya, kwa sababu hakuna mwingine atakayetufanyia. Redio mbili na siku mbili za kazi ni ndani ya uwezo wa yeyote mwenye wateja hamsini. Pia mtu wa Iyunga anayemtumia faili mtu wa Mwanjelwa hana sababu ya kulisafirisha zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam na kulirudisha. Kwetu sasa linavuka anga moja kwa moja, faida ambayo hatukuipigia hesabu.

Ila muungane mkijua kwamba mtihani ni sehemu ya kazi. Sisi tunachomoa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, wateja wakiwa wameambiwa. Kwanza waya wetu, halafu wao, halafu zote mbili, tuone kama kila rauta inakiri kwamba haina njia badala ya kumsukumia mwenzake. Mwezi uliopita ilishika kabla mama wa uwakala hajainua macho kwenye simu yake. Mwezi wa kabla yake haikushika kabisa. Tulihangaika saa nzima na mipangilio, kumbe kijana aliyekuja kufagia alikuwa ameihamisha redio kwenye soketi ileile ya rauta ya faiba ili apate pa kuchajia simu, na tulipozima moja zikazima zote mbili.

Sasa soketi ile ina plasta nyekundu.